Simu Ziachwe Mlangoni

Jirani yetu wa gorofa ya juu alipohamia Kibokoni, hakuuliza maji ya mfereji huja siku gani wala takataka hutupwa wapi. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Bendi hupigia wapi hapa?"

Nilikuwa nimembebea begi moja kwenye zile ngazi zetu za mbao zinazolia kila ukikanyaga, natweta. Nikadhani sikusikia vizuri.

"Bendi gani?"

"Yoyote. Watu wameshika ala, wanatokwa jasho, mbele ya watu wengine wanaotokwa jasho."

Nikamwambia jasho Mombasa liko la kutosha. Bendi ndiyo sina hakika.

Alikuwa Msauzi, mama wa miaka 54, mhandisi aliyekuja kwa mkataba wa miaka miwili. Kwao ni Cape Town. Watoto wa mtaa walimwita Anti Msauzi, naye akalipenda jina, basi na mimi nikamwita hivyo hivyo. Nyumba ni ya familia. Mimi na Bibi tulikaa chini, juu tukapangisha, na kodi ya juu ndiyo iliyonunua dawa za presha za Bibi. Kazi yangu ni kuhariri video: matangazo ya hoteli, uzinduzi wa hiki na kile, harusi upande wa wanaume. Nalisema hili mapema kwa sababu litakuja kunisumbua huko mbele.

Ukikulia hapa, muziki huutafuti. Unakufuata. Uko kwenye matatu ya Bamburi ukitetemesha kiti, uko kwenye tuktuk, uko kwa muuza viazi karai aliyefungulia spika yake ukutani. Lakini muziki wenye watu ndani yake, mtu na gitaa lake, hapo lazima ufikirie kidogo. Nilimtajia hoteli za Pwani ya Kaskazini, ambako bendi huimba "Jambo Bwana" watalii wakila. Nikajisifu kwamba wimbo huo ni wa kwetu, ni wa Them Mushrooms, bendi iliyoanzia Mombasa mwaka 1972. Akaenda wikendi moja. Akarudi amenuna.

"Wanapiga vizuri," akasema. "Lakini hakuna anayewasikiliza. Watu wanatafuna."

Yeye alitaka roki. Roki ya Kenya, kama unavyojua, iko Nairobi, kwa kina Parking Lot Grass na Last Year's Tragedy na vijana wenye fulana nyeusi. Basi mama huyu akawa anapanda SGR Ijumaa, anasimama usiku mzima mbele ya spika pamoja na watoto wa umri wa mwanawe, na Jumapili anarudi Kibokoni hana sauti. Bibi alimwona akishuka tuktuk siku moja, nywele zimesimama, akaniuliza kama mgeni wangu ana mume. Nikamwambia alikuwa naye. Bibi akatikisa kichwa kama mtu aliyepata jibu.

Ugonjwa wenyewe, nilikuja kuambiwa, ulimwanza akiwa na miaka 17. Tulikuwa darini, karibu na tangi la maji, upepo wa bahari unapuliza nguo za kamba. Akanisimulia habari za Johnny Clegg, kijana wa Kizungu wa Johannesburg aliyejifunza gitaa na ngoma za Kizulu kutoka kwa wafanyakazi wahamiaji wa mjini. Akaungana na Sipho Mchunu, wakaanzisha Juluka. Juluka kwa Kizulu ni jasho. Mweusi na mweupe jukwaa moja, wakati sheria ya nchi haikutaka hata wakae benchi moja. Redio zikawanyima nafasi, polisi wakavunja baadhi ya maonyesho yao. Bendi ya pili ya Clegg iliitwa Savuka, na ndiyo Anti Msauzi aliyoiona. Alitoroka nyumbani. Familia yake ilikuwa imeshaondolewa kwa nguvu District Six, mtaa wa Cape Town uliotangazwa kuwa wa weupe mwaka 1966, na mamake alikuwa mtu wa kuogopa kila kitu. Yeye akaenda akasimama katikati ya watu wa kila rangi, akawaona wale wanaume wakipiga gitaa kisha wakirusha miguu juu na kuigongesha chini, mpaka sakafu ikawa ngoma.

"Kabla ya pale," akaniambia, "sikuwa nimewahi kugusana bega na Mzungu."

Akanionyesha simuni ile video ya Frankfurt ya mwaka 1999. Clegg anaimba "Asimbonanga", wimbo wa 1987 uliomtaja Mandela hadharani akiwa bado jela. Ghafla ukumbi unalipuka, kumbe Mandela mwenyewe ametokea nyuma, anacheza polepole na kutabasamu. Nikasema wallahi nywele zimenisimama. Akaizima.

"Hiyo ni picha ya biriani," akasema. "Mimi nataka uile."

Akainuka kunionyesha. Alirusha mguu mpaka usawa wa kifua, akaushusha kwa kishindo. Tangi likatikisika. Mara ya tatu tukasikia chini, ko, ko, ko. Bibi alikuwa akigonga dari kwa mkongojo.

Nikashuka mbio. Bibi amekaa kitandani, leso begani. "Mgeni wako yuwacheza ama yuwapigana?"

Kesho yake Anti Msauzi akashuka na keki ya kuomba radhi. Bibi akamkaribisha mkekani, chai ya tangawizi ikamiminwa, mimi nikawa mkalimani. Mgeni akasimulia jinsi kwao, tarehe 2 Januari, watu hujaa barabarani na nguo za kung'aa na tarumbeta, na ngoma yao kubwa huitwa ghoema.

"Goma?" Bibi akauliza.

"Ghoema."

"Ndiyo. Ngoma. Huko ilifikaje?"

Anti Msauzi akasema wengi kwao hulihusisha neno hilo na letu. Wazee wake walikuwa watumwa, wengine kutoka Asia, wengine Madagascar na Msumbiji. Bibi alinyamaza. Mji wetu nao una habari zake za watumwa, na si zote tunazisimulia kwenye chai. Kisha akaweka kikombe chini na kusema jambo ambalo kwa miaka 26 sikuwahi kulisikia nyumba ile.

"Mimi nimecheza lelemama."

Kama huijui lelemama, usione haya, hata mimi niliijua jina tu. Ni ngoma ya wanawake. Haina haraka wala kukata kiuno kama chakacha. Wanawake hujipanga mstari, wamevaa sawa, na kazi kubwa iko mikononi na shingoni, mwendo mdogo mno, huku wimbo ukibeba mafumbo. Katika Mombasa ya zamani vyama vya lelemama vilishindana kama timu za mpira. Viwili vilivyotajika sana ni Banu Saada na Ibinaal Watan. Wakishonesha nguo, wakichinja, wakitungiana nyimbo za kuchomana, na wakipeana vyeo vya kijeshi walivyoviiga kwenye beni, ile ngoma ya tarumbeta ya akina Kingi na Settla. Mama yake Bibi alikuwa wa chama kimoja kati ya hivyo viwili. Sikitaji, maana kuna nyumba hapa mtaani ambazo hazijasamehe.

Halafu ngoma ikapoa. Gharama zilikuwa kubwa, mashekhe walikemea, na kizazi kipya cha wasichana wa shule kiliona ni ushamba. Wanawake wengi waliojifunza kujipanga na kuchanga pesa kwenye lelemama walihamia vyama vya maendeleo miaka ya 1950, na mwisho wa miaka hiyo wanawake wa mji huu walikuwa wakidai haki ya kupiga kura. Bibi aliyaona hayo kwa macho ya msichana. Yeye mwenyewe aliacha kucheza alipoolewa. Babu hakumkataza, alisema. Aliuliza tu, mara moja, "Na leo pia waenda?"

Anti Msauzi aliposikia tafsiri yangu, alimtazama Bibi kama vile mtu amemwambia gorofa ya chini anaishi Hendrix.

Kuanzia hapo tukawa na biashara ya kubadilishana, mimi na yeye. Kwanza alinipeleka bango. Aibu ilioje, Msauzi kumpeleka binti wa Mji wa Kale bango! Ndio muziki wa dansi wa hapa hapa kwetu, uliopata jina na umaarufu kwa Mzee Joseph Ngala na saksafoni yake: ndani yake kuna ngoma za Kimijikenda, kuna taarab, kuna rumba na jazi. Tulivuka Daraja la Nyali Jumamosi usiku. Ulikuwa ukumbi wa kawaida, viti vya plastiki, bendi ya wazee watupu isipokuwa mpiga drami. Watu wa makamo wakacheza wawili wawili, polepole, bila kuangalia nani anawaona. Anti Msauzi alicheza na kila aliyemnyooshea mkono. Mimi nilisimama ukutani na buibui langu na soda, mguu mmoja tu ukicheza ndani ya kiatu. Hakuna aliyenikataza. Nilikuwa nangoja swali la Babu, na Babu alikufa kabla sijazaliwa.

"Kwa nini hukucheza?" akaniuliza kwenye tuktuk.

"Kulikuwa na wanaume."

Hakubisha. Akasema, "Basi nipeleke mahali ambapo huwa unacheza."

Nikampeleka kwenye kupamba kwa binamu yangu. Kupamba, kwa msomaji wa bara, ni usiku wa bibi harusi kutolewa mbele ya wanawake, na ni wanawake peke yao. Mabuibui yanavuliwa, na hapo utajua nani kwenye mtaa huu ana dhahabu. Mlangoni kuna kikapu. Unatoa simu, inatiwa kwenye mfuko wa plastiki, unapewa namba. Hakuna mjadala, hata kwa mama wa bibi harusi. Mtu aliyekuja amejiachia, nywele wazi, mabega wazi, hataki kujikuta kesho kwenye grupu la WhatsApp la watu asiowajua.

Niliogopa Anti Msauzi atauliza maswali. Aliitoa simu yake upesi, akaitazama ile mifuko mingi kikapuni, akacheka. "Miaka mingi nimekuwa nikiwaomba watu wazishushe simu kwenye maonyesho," akasema. "Kumbe nilikuwa nchi isiyo yangu."

Kulikuwa na DJ wa kike kwanza. Halafu wakaingia wapigaji wa taarab, na mwisho vugo, wanawake na pembe zao mikononi, ko-ko, ko-ko, na ukumbi mzima ukainuka. Nilicheza. Nilicheza mpaka kanzu ikanishika mgongoni. Anti Msauzi alicheza vibaya sana, kwa furaha, na shangazi zangu wakamtuza noti kwa huruma.

Ilikuwa karibu saa saba za usiku vugo lilipopumzika. Bibi alikuwa amekaa kiti cha mbele. Akashika mkono wa shangazi yangu, akasimama. Akainyoosha mikono yake mbele, viganja chini, akaigeuza pole kama mtu anayeosha kitambaa cha hariri. Kisha akaimba. Sauti ndogo, kavu, ya mtu wa miaka 80 na kitu. Wazee watatu wanne walioujua ule wimbo waliitikia, na mmoja akalia hapo hapo. Sisi wengine tulikuwa hatuna hata pa kuitikia.

Mkono wangu ulikwenda kwenye mkoba bila kuniuliza. Haikuwemo. Sijawahi kusikia uchungu kama ule, wa kukosa simu. Kazi yangu ni hii! Kila siku nahariri sura za watu wanaofungua mahoteli, na leo kitu chenyewe kiko mbele yangu kinapita. Anti Msauzi akaniona. Akanishika kiwiko, akanong'ona, "Tazama tu." Nikatazama. Ndiyo maana ile mikono naijua mpaka leo.

Tukirudi nyumbani nikamwambia Bibi natamani ningemrekodi. Alikuwa amechoka, kichwa begani kwangu, tuktuk inarukaruka.

"Sitaki," akasema. "Sauti yangu isije ikasikiwa na waume nisiowajua, nami ni kaburini. Umesikia?"

Nikasema nimesikia.

Miezi miwili baadaye akaanza kuvimba miguu. Daktari akabadilisha dawa, halafu akazibadilisha tena. Nikahamia chumbani kwake. Usiku mmoja nilikuwa nikimkanda kwa mafuta ya nazi, taa imezimwa, feni inalia, na bila kuombwa akaanza ule wimbo, kutoka mwanzo. Simu ilikuwa pajani chini ya leso. Nilijua pa kubonyeza bila kutazama, hiyo ni kazi yangu. Nikabonyeza.

Aliimba ubeti wa kwanza na nusu ya wa pili. Kisha akakata.

"I wapi simu yako?"

"Iko chaji," nikasema.

Alingoja kidogo gizani. Sijui alikuwa akingoja nini. Kisha akageukia ukuta, akaniambia nimfunike.

Hakuuimba tena. Alitangulia mbele ya haki wakati wa kaskazi, alfajiri, na alizikwa kabla ya adhuhuri. Nyumba ilijaa watu siku tatu, kisha ikawa tupu. Ndani ya simu yangu kuna faili la sekunde 47. Sekunde 39 ni wimbo. Zinazobaki ni Bibi akiniuliza simu i wapi, na mimi nikimdanganya.

Nilikaa nalo wiki sita kabla ya kumwambia mtu. Nilimwambia Anti Msauzi, darini, kwa sababu nilidhani yeye ndiye atakayenigombeza inavyotakiwa. Huyu mtu anayeamini muziki ni ule unaopita. Alisikiliza mpaka mwisho, akaangalia taa za meli kule bandarini.

"Ungeniuliza siku ile," akasema, "ningekwambia usirekodi." Akanyamaza. "Na leo naona haya kukuomba nisikie."

Akanisimulia kwamba usiku ule wa Savuka, rafiki yake aliingiza kinasa sauti kwa siri. Alimpa nakala ya kaseti. Mlio ulikuwa kama gari limekwama tope, makelele matupu, ila mahali fulani alijisikia mwenyewe akipiga kelele, msichana wa miaka 17. Aliipiga kaseti ile mpaka utepe ukakatika. Clegg alipofariki Julai 2019, kitu alichokitafuta kwanza kabatini ni ule utepe uliokatika.

"Sasa wewe wasemaje?" nikamuuliza. "Laivu au kaseti?"

"Mimi ni mhandisi," akasema. "Usiniulize."

Sikumsikilizisha. Ningeweza. Yeye ni mwanamke, na Bibi aliwataja waume tu. Lakini sikujua kosa langu liko wapi hasa. Kama ni masikio ya watu, hilo lina dawa: usimtumie mtu, basi. Kama ni ule uongo wa gizani, ule hauna kikapu cha kuutia.

Mkataba wake ukaisha. Usiku wa mwisho mabegi yalikuwa yako mlangoni, akaniomba kitu kimoja, nimfundishe ile mikono. Tukasimama darini mstari mmoja, watu wawili. Nyoosha, viganja chini, geuza, polepole, hapana Anti, polepole zaidi. Hakuweza. Mabega yake yalikuwa na haraka ya magitaa. Mwisho akacheka, akasema sasa zamu yako, akanionyesha mguu wa Kizulu. Nikapandisha buibui kidogo nikarusha. Nikashusha kwa kishindo. Tangi likatikisika.

Tukanyamaza wote wawili, tukingoja.

Hakuna aliyegonga dari.

Sasa gorofa ya juu anakaa kijana wa benki, mtu mtaratibu, anasikiliza kila kitu kwa vipokea sauti vya masikioni. Simu yangu imejaa. Kila wiki inaniletea orodha ya vitu inavyoona havina kazi, na lile faili huwemo, kwa kuwa sijalifungua tangu siku ile. Nafuta picha za chakula, nafuta video za wateja, hilo naliruka.

Mwezi uliopita kulikuwa na kupamba tena, binamu mwingine, ukumbi ule ule. Foleni mlangoni, marashi, wanawake wakilalamika joto. Mbele yangu msichana wa miaka kumi na kitu alikuwa akimbembeleza mamake aingie na simu, ataificha, hatapiga picha, naapa. Mamake hata hakumjibu.

Zamu yangu ikafika. Nikaitoa simu, nikaizima kabisa, jambo ambalo si lazima. Binti wa kikapuni akaitia mfukoni, Bibi akiwa ndani yake, akaiweka juu ya zile nyingine na kunipa namba 31. Ndani, pembe zilikuwa zimeshaanza. Nikavua buibui, nikaingia.